Beit al-Amani ya mbao: shajara ya kazi, Julai hadi Novemba 2024

Jumamosi, 13 Julai

Tumekutana leo kwa mara ya kwanza, karakana ya Fundi, Kikwajuni. Tuko wanne: Fundi mwenyewe, anayechonga milango tangu ujana wake, mabinti wawili wa kidato cha tatu walioletwa na mwalimu wao wa historia, na mimi, mchora ramani mstaafu, ambaye kazi yangu ni kuchora na kulaumiwa. Skuli imetupa chumba kimoja cha chini na inataka pawe na kitu cha kuangaliwa ifikapo 11 Novemba.

Kitu chenyewe ni modeli ya mbao ya Beit al-Amani, lile jumba jeupe la Mnazi Mmoja lenye kuba. Nilipolitaja tu, binti mmoja akauliza, "Ule msikiti?" Mwenzake akamcheka: "Msikiti gani, si makumbusho yale!" Sikuweza kumkosoa yeyote. Aliyelichora alitaka lifanane na msikiti, na tangu lifunguliwe Novemba 1925 ni makumbusho. Lakini hakuna aliyesema kuwa ni ukumbusho wa vita. Nami nisijifanye mjuzi: zamani tulipelekwa pale na mwalimu tukaangalie kobe wakubwa na mifupa ya dodo, yule ndege wa Mauritius aliyekwisha duniani. Wakubwa walikuwa na habari ya sanduku la dawa la Livingstone. Tukarudi nyumbani tunabishana kobe na mtu nani anaishi zaidi. Vita havikutajwa.

Jina nalo linasaidia kuficha. Nyumba ya Amani: amani iliyokusudiwa ni kwisha kwa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, vya 1914 hadi 1918. Mtu akisikia "amani" hashughuliki kuuliza nani alikufa.

Tumeafikiana kukutana kila Jumamosi baada ya Adhuhuri. Kahawa juu ya Fundi, mbao juu yangu.

Jumamosi, 20 Julai

Vipimo. Tuliruhusiwa kulizunguka jumba kwa nje, tukapima kwa kamba yenye mafundo na kwa kivuli. Njia ya kivuli ni ya hesabati za skuli: unasimamisha fimbo ya mita moja, unapima kivuli chake, na dakika ileile mwenzako anapima kivuli cha jengo, uwiano wa fimbo na kivuli chake ndio uwiano wa jengo na kivuli chake. Mabinti walidhani wamemaliza, mpaka yule mdogo alipokunja uso: "Maalim, kivuli cha kuba kimeanza wapi?" Hapo ndipo penyewe. Ncha ya kuba iko katikati ya jengo, haiko ukutani, kwa hiyo umbali lazima uhesabiwe tangu katikati, na katikati huwezi kukufika na kamba ukiwa nje. Ila jengo lina pembe sita, na pembesita ni umbo la huruma: ukiujua upana wa ukuta mmoja umeyajua yote mengine. Umbali wa tangu katikati hadi pembe ni sawasawa na urefu wa ukuta. Walipiga hesabu wenyewe chini ya mti, kwa kijiti mchangani.

Sitoandika skeli hapa. Kamba yetu ilinyooka inavyotaka yenyewe, na upepo wa kusi ulikuwa unaichezea.

Jumamosi, 27 Julai

Mvua ndogo, hatukukata mbao. Nimewatandikia mabinti michoro na picha mezani nikawaambia watafute mkono wa mtu mmoja. Ukiijua Mahkama Kuu ya Vuga, nyumba waliyojengewa mabalozi wakaazi wa Kiingereza ambayo leo ni Ikulu, na jengo la Bharmal huko Malindi, utaona matao yaleyale na mapambo yaleyale ya kukopa Uarabuni na Uhindi. Ni kazi za John Houston Sinclair, mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyekuwa pia mchoraji majengo, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 akawa Balozi Mkaazi mwenyewe, Sayyid Khalifa bin Harub akiwa kwenye kiti cha usultani. Mtu mmoja anatawala na anachora. Fundi akasema ndiyo maana michoro yake ilikuwa haikataliwi.

Beit al-Amani ndiyo aliyojiachia zaidi. Kuba kubwa katikati, kuba ndogo pembeni, kuta nyeupe, madirisha ya matao. Inasemwa alikuwa na Aya Sofia ya Istanbul kichwani. Mimi naona kuna hila ya busara ndani yake. Miji mingine ya pwani na bara ilipewa sanamu za watu. Dar es Salaam ilipata askari mmoja wa shaba mwaka 1927, kazi ya James Alexander Stevenson, bunduki mkononi na singe imeelekezwa bandarini. Mombasa na Nairobi zikapata zao miaka hiyohiyo. Pale pa askari wa Dar es Salaam, kabla yake, Wajerumani walikuwa wamemsimamisha gavana wao Hermann von Wissmann, na mguuni pake askari Mwafrika. Waingereza waliposhika mji wakaing'oa, na baadaye ikapelekwa Hamburg. Sasa chukua sanamu ya mtu uisimamishe katikati ya Unguja ya 1925, mji wa misikiti kila kichochoro. Ingezua maneno. Sinclair aliishi hapa miaka mingi, na rai yangu ni kwamba aliliona hilo mapema: akatoa nyumba badala ya mtu, akaivisha kanzu.

Lakini nyumba ina dosari yake. Askari wa shaba hata usipojua kusoma utauliza, huyu nani na kafanya nini. Nyumba yenye kobe haiulizwi.

Jumamosi, 3 Agosti

Mbao zimefika kutoka Darajani. Hesabu ya leo: plaiwudi ya milimita 12, karatasi moja, 55,000. Gundi, 8,000. Msasa namba tatu tofauti, 6,000. Hamali wawili na rukwama, 10,000. Mbao za mfenesi kwa ajili ya madirisha, bure, ni mabaki ya mlango wa Fundi.

Kipimo cha modeli: sentimita 84 pembe hadi pembe, kwa hiyo kila ukuta 42.

Jumamosi, 10 Agosti

Siku ya hasara. Kuta sita zikutane kwa digrii 120, kwa hiyo kila ncha ya ubao hukatwa kwa mshazari wa digrii 30. Mikato ni 12. Fundi alitega msumeno kwa jicho, na jicho la Fundi ni zuri, lakini msumeno ulikosea nusu digrii. Nusu digrii huioni. Ukiikusanya mara 12 zimekuwa digrii sita, na tulipozungusha kuta zote kwenye meza, ya kwanza na ya sita zilikataa kusalimiana. Ulibaki ufa unaoingia kidole gumba.

Binti mkubwa akasema tujaze kwa gundi na vumbi la mbao. Fundi alimtazama kama mtu aliyeambiwa atie sukari kwenye urojo.

Tumefanya hivi: kuta tano zimeungwa, na ya sita imekatwa upya ifuate nafasi iliyobaki, si kufuata hesabu yangu. Imeshika. Nimenyamaza.

Jumamosi, 17 Agosti

Hakuna kazi, Fundi ana harusi ya mtoto wa dada yake.

Jumanne, 27 Agosti

Si siku yetu ya kazi, lakini mabinti walinipitia nyumbani baada ya skuli. Mwalimu wao alikuwa amewafundisha vita vya 1896, na tarehe ni hii ya leo. Walikuja na swali ambalo niseme kweli lilinikwaza: "Maalim, ikiwa Beit al-Amani ni ya vita vya Wazungu, ya vita vyetu iko wapi?"

Basi nikawahadithia kwa urefu, maana kitabuni mna mistari minne. Sultani wetu, Sayyid Hamad bin Thuwaini, alifariki tarehe 25 Agosti 1896. Khalid bin Barghash akaingia kasri siku hiyohiyo akatawazwa bila ya ridhaa ya Waingereza. Wakampa muda mpaka saa 3 asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Saa 3 na dakika mbili manowari za Admirali Harry Rawson zilianza kupiga kutoka bandarini. Kabla saa 4 haijafika ilikuwa imekwisha. Kwa hesabu iliyozoeleka, dakika 38. Kasri likashika moto. Meli ya Sultani, Glasgow, ikazama palepale. Upande wa kasri waliokufa na kujeruhiwa wanakisiwa kuwa mia tano. Upande wa manowari, baharia mmoja alijeruhiwa. Khalid alikimbilia kwa balozi wa Kijerumani, akapelekwa Dar es Salaam, na akakaa huko mpaka Waingereza walipomkamata katikati ya vita hivihivi tunavyochongea mbao. Kwa hiyo vita vya dakika 38 na vita vya miaka minne vina mkia mmoja.

Binti mdogo akasema, "Kwa hivyo watu mia tano hawana hata nyumba ya kobe." Nikamwambia anywe chai yake.

Watalii wanapenda kusikia kuwa ni vita vifupi kuliko vyote duniani. Wanacheka. Wanaotembeza wageni nao wanacheka kwa sababu ndiyo riziki. Mimi kila nikipita Mizingani, pwani lilipokuwa kasri, huihesabu dakika moja moja: watu mia tano kwa dakika 38 ni zaidi ya kumi na tatu kila dakika.

Jumamosi, 7 Septemba

Kuba. Nilijua itatutesa.

Jaribio la kwanza, kwa kuba ndogo: vifuu vya nazi. Wazo langu, na nilijivunia. Lakini kifuu kina ncha upande mmoja na macho matatu upande wa pili, na hakuna nazi mbili zinazolingana. Tulipoviweka pembeni, jumba lilikaa kama soko. Fundi alikula nazi zote, hakuna kilichoharibika. Jaribio la pili: mipira ya tenesi iliyokatwa nusu, ikapakwa plasta nyembamba. Imekubali.

Kuba kubwa tuliifinyanga juu ya karai la zege kwa vipande vya gazeti na uji wa wanga, tabaka saba. Ikatoka bapa mno ukilinganisha na picha. Tena tukatumia bakuli la shaba la kina alilotuazima Bi Mkubwa jirani, ambalo alitwambia ni la arusi yake na likipata hata mkwaruzo tutamtafutia mume mwengine. Tumelifunga nailoni kabla ya kupaka uji. Tabaka sita leo, zilizobaki kesho.

Jumatatu, 16 Septemba

Maulidi. Kuba imekauka juu ya dari ya Fundi, imetoka kwenye bakuli bila kupasuka. Bakuli limerudi kwa mwenyewe likiwa zima.

Ijumaa, 20 Septemba

Leo imetimia miaka 110 tangu manowari ya Kiingereza, Pegasus, ilipozamishwa bandarini kwetu. Baada ya Ijumaa tulichukua boti ya mashine kwenda Chapwani, sisi wanne na mwalimu wa historia. Kusi imelegea, bahari ilikuwa shwari, ingawa Fundi alishika ubavu wa boti njia nzima kama anazuia isiende.

Chapwani Wazungu walikiita Kisiwa cha Makaburi. Popo wananing'inia mitini mchana kutwa kama nguo zilizoanikwa, wanapiga kelele. Makaburi yako upande wa kusini: mabaharia wa manowari za Kiingereza za enzi ya kukamata majahazi ya watumwa, miongoni mwao Kapteni Brownrigg wa meli ya London, aliyeuawa Desemba 1881 kwenye maji ya Pemba alipolisogelea jahazi moja kulikagua. Na wamo wa Pegasus.

Niliwasimulia tukiwa tumekaa chini ya mti. Jumapili ya 20 Septemba 1914, Pegasus ilikuwa imetia nanga hapa bandarini, mashine zake zimefunguliwa kwa matengenezo. Meli ya zamani, iliyoshushwa majini mwaka 1897. Alfajiri, kabla ya saa 11 na nusu, ikatokeza manowari ya Kijerumani, Königsberg ya Kapteni Max Looff, iliyokuwa imejificha kwenye midomo ya Rufiji. Mizinga ya meli zote mbili ilikaribia kulingana kwa upana wa mdomo, sentimita 10 na kidogo. Lakini ya Kijerumani ilikuwa mipya na ilipiga mbali. Pegasus ilijibu, na makombora yake yakaanguka majini kabla hayajafika. Mtu anakupiga nawe mkono wako haumfikii: mabinti walielewa bila mchoro. Walikufa 38, wakajeruhiwa 55, na meli ikazama siku hiyohiyo. Mji mzima uliamshwa na mizinga, na waliokuwa na umri wa kukumbuka 1896 hawakuhitaji kuelezwa sauti ile ni ya nini.

Königsberg ilirudi Rufiji na haikutoka tena. Waingereza waliimaliza humo tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani wakaitoa mizinga yake kumi wakaiburura nchi kavu. Waingereza nao wakaiopoa mizinga ya Pegasus wakaitia magurudumu. Meli mbili zilizokufa zikaendelea kupigana porini, zikivutwa na watu. Leo mzinga mmoja wa kila meli uko Mombasa, Ngome ya Yesu, imekaa pamoja kama wazee waliochoka kugombana.

Fundi aliuliza swali moja tu wakati wa kurudi. "Hiyo mizinga huko porini ilivutwa na nani?"

Jumamosi, 28 Septemba

Madirisha ya mfenesi. Fundi na patasi nyembamba, mimi nashika taa. Hakuna la kuandika zaidi ya kwamba ni mazuri na kwamba dirisha la saba lilipotea likaonekana ndani ya kiatu changu.

Jumamosi, 5 Oktoba

Maneno ya ubao. Modeli peke yake haitoshi. Anayeingia lazima asome hii ni nini. Binti mkubwa alikuja na rasimu, imeandikwa vizuri, mwandiko wa kuchapa. Ilimalizikia kwa kusema kuwa walikufa kwa ajili ya nchi yao.

"Nchi gani?" Fundi aliuliza, randa mkononi.

Kimya. Swali si la kejeli. Mtu wa Unguja aliyepelekwa bara mwaka 1917 kubeba sanduku la risasi la Mwingereza amfuate Mjerumani msituni, nchi yake ilikuwa ipi hapo? Waliokufa hivyo katika Afrika ya Mashariki upande wa Waingereza wanakisiwa kukaribia laki moja, na aghalabu risasi haikuwa na kazi kwao: walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa chakula kibovu wasichokizoea. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukakifanya Kariakoo. Dar es Salaam soko zima limejengwa pale walipokuwa wakikaa. Unguja nasi tuna Kariakoo yetu, tunapeleka watoto kwenye bembea.

Nikawaeleza maneno ya sanamu ya Dar es Salaam, yaliyotungwa na Rudyard Kipling. Yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, halafu yanaahidi kuwa mwenye kupigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. "Na majina yako upande gani?" akauliza binti mdogo. Hakuna upande. Sanamu haina jina hata moja.

Na haikuwa bahati mbaya. Waingereza waliunda tume ya makaburi ya vita mwaka 1917, msingi wake kwamba kila aliyekufa atajwe kwa jina, bila kuangalia cheo wala asili. Wale mabaharia wa Chapwani wamo. Aprili 2021 Tume hiyohiyo, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti ikakiri kuwa wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri. Karne nzima imepita. Nimewasomea tarakimu hizo mara mbili kwa sababu mara ya kwanza walidhani nimekosea sifuri.

Bi Mkubwa alikuwa amekuja kudai bakuli jengine alilosahau kwamba hakutuazima. Akakaa barazani akasikiliza. Kisha akasema, taratibu, bila kumtazama mtu: "Babu yangu mzaa mama alichukuliwa na huo ukariakoo. Mama akisema baba yake kaliwa na vita. Mimi nikiwa mdogo nikidhani Vita ni mnyama."

Hakuna aliyeshika randa kwa muda. Binti mkubwa akamsogelea na daftari: "Bibi, alikuwa akiitwa nani?" Akataja jina lake, la baba yake na la babu yake, na kijiji. Limeandikwa. Hapa sitoliweka, ni la ubaoni.

Jumamosi, 12 Oktoba

Rasimu ya mwisho ya ubao, tumeipitisha wote:

"Beit al-Amani ilifunguliwa Novemba 1925 kukumbuka kwisha kwa vita vya 1914 hadi 1918. Katika vita hivyo meli ya Pegasus ilizamishwa bandarini kwetu, na mabaharia wake wana kaburi Chapwani. Watu wa Zanzibar walichukuliwa bara kubeba mizigo ya jeshi. Mmoja wao ni huyu."

Kisha jina. Chini yake msumari, na kwenye msumari daftari la kurasa mia na penseli iliyofungwa uzi. Anayemjua mwengine aandike. Nilipinga penseli, nikasema watoto watachora magari. Nikashindwa kwa kura tatu kwa moja. Wachore.

Baada ya hapo Fundi akataka kuona hesabu zetu, maana anadhani nimemlipia gundi mara mbili. Akapitisha kidole ukurasa wa 3 Agosti, akasimama. "Maalim. 'Hamali wawili.'" Nikamwambia ndiyo, elfu kumi. "Nakwambia, umeandika 'hamali wawili na rukwama'. Rukwama nayo haina jina." Kisha akaendelea na gundi, ambayo kweli nilikuwa nimemlipia mara mbili.

Nilikwenda Darajani jioni kuwatafuta. Mmoja nilimpata, mwengine amehamia Pemba kwenye karafuu. Nimeandika pembeni mwa hesabu majina yote mawili, kwa wino. Yule niliyempata alidhani nataka kumrejeshea pesa ya chenji.

Jumamosi, 26 Oktoba

Vuli imeingia. Unyevu umeivimbisha plaiwudi na ile pembe ya ukuta wa sita imefunguka unywele mmoja. Fundi ameishindilia kabari ya mfenesi kwa ndani, haionekani. Rangi: chokaa nyeupe, mipako mitatu, kila mmoja umesubiri jua lipatikane. Kuba imewekwa. Nilisimama mbali nikafumba jicho moja, na kwa mara ya kwanza tangu Julai sikuona kosa langu.

Binti mdogo ametia watu wadogo wa karatasi nje ya jengo, kwa ajili ya kipimo. Mmoja ana mzigo kichwani. Sikumuuliza.

Jumapili, 10 Novemba

Kuhamisha. Tumemwita hamali yuleyule wa Darajani, na sasa anajua tunafanya nini. Alitaka kuona mwanzo ubao una majina mangapi. Rukwama ilitandikwa godoro. Kutoka Kikwajuni hadi skuli tumesimamishwa mara nne na watu wanaouliza msikiti unapelekwa wapi.

Mlangoni tukakwama. Mlango wa chumba ni wa kale, wa mbao mbili, na ubao mmoja umepigiliwa misumari tangu sijui lini. Nafasi iliyobaki ni sentimita 75. Modeli ni 84. Mwalimu akashika kichwa. Fundi akanigeukia na uso wa mtu aliyesubiri siku hii tangu ile nusu digrii yake.

"84 ni pembe hadi pembe," akasema binti mdogo. Alikuwa ameshachutama na kidole vumbini. "Ukuta hadi ukuta ni 73, tena haifiki. Igeuzeni."

Tukaigeuza ukuta uelekee kizingiti. Imebaki sentimita moja kila upande, hapaingii vidole vya kushikia, kwa hiyo tumeiteremsha juu ya mkeka na hamali akauvuta kutoka ndani, taratibu, sisi tunasukuma kwa viganja. Imepita. Kuba ndogo moja ilisugua fremu ikaacha alama nyeupe mlangoni.

Saa 10 alasiri Bi Mkubwa ameletwa kuiona kabla ya watu. Hakuiangalia modeli sana. Ameomba miwani, ameusoma ubao mpaka mwisho, kisha akamwambia binti mkubwa kuwa jina la baba wa babu yake limekosewa herufi. Tumelisahihisha palepale. Rangi haijakauka bado. Chumba kimefungwa, funguo anazo mwalimu.